Lebo za alama za mhimili

Lebo za alama za mhimili ni maandishi, kwa kawaida namba au tarehe, yanayoandikwa kando ya vistari vya mhimili wa grafu ili kuonyesha thamani ya kila kistari. Katika Matplotlib, maktaba ya lugha ya Python iliyotolewa mara ya kwanza na John D. Hunter mwaka 2003, kazi hii imegawanywa: sehemu moja ya programu huchagua mahali pa vistari, nyingine hugeuza thamani kuwa maandishi. Hivyo idadi ya desimali, alama ya asilimia au jina la mwezi hubadilishwa bila kugusa data yenyewe.

Kwa mipangilio ya awali, namba kubwa zinazokaribiana hufupishwa. Mhimili wa kuanzia 100000 hadi 100005 huandikwa 0 hadi 5, na mwishoni huwekwa +1e5, yaani ongeza laki moja. Ishara hiyo ni ndogo mno kwa uzito wake: asiyeiona husoma thamani zisizo sahihi kabisa. Namba kamili hurudishwa kwa amri ticklabel_format(useOffset=False). Lebo ndefu, hasa za tarehe, huinamishwa zisipandane.