Vifupisho na alama za ujumbe wa simu katika Kiingereza

Makala hii inahusu vifupisho kama LOL, OMG na BTW, tahajia kama gr8 na b4, pamoja na alama kama ♥, # na 👍. Maumbo haya yameenea katika Kiingereza kwa njia ya ujumbe mfupi wa simu na intaneti, na baadhi yake yamekwisha kuingia katika kamusi. Wanafunzi na wafasiri huuliza mara kwa mara: je, haya ni Kiingereza kinachokubalika? Swali hilo limefunga pamoja mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Kuingia katika kamusi ni jambo moja. Kufaa katika matini fulani ni jambo jingine. Umbo linaweza kuwa na kidahizo katika kamusi kubwa kuliko zote na bado likawa kosa katika barua ya kuomba kazi. Kinyume chake, alama isiyo na kidahizo inaweza kumfunga mtu kisheria.

Aina za maumbo

1. Herufi za mwanzo: LOL kutokana na "laughing out loud", OMG kutokana na "oh my God", FYI kutokana na "for your information". Baadhi hutamkwa herufi moja moja, kama FYI; LOL hutamkwa ama kwa herufi ama kama neno moja.

2. Uandishi wa sauti: herufi au tarakimu husimama badala ya sauti ya jina lake. Katika gr8, tarakimu 8 inasomwa "eight" na kukamilisha neno "great". Katika b4, "bee" na "four" huunda "before".

3. Udondoshaji wa irabu: txt, msg, pls.

4. Alama na picha: :-) iliyoundwa kwa alama za uakifishaji, ♥, na emoji kama 😂.

Chanzo cha ufupishaji

Urefu wa ujumbe mfupi uliamuliwa na wahandisi, si na waandishi. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand alipendekeza kikomo cha herufi 160, akiamini kwamba zinatosha kueleza jambo moja kikamilifu. Ujumbe wa kwanza, wa heri za Krismasi, ulitumwa Uingereza na mhandisi Neil Papworth tarehe 3 Desemba 1992.

Kikwazo cha pili kilikuwa vibonye. Katika simu za awali kila kibonye kilibeba herufi tatu au nne, na mwandishi alilazimika kukibonyeza tena na tena hadi apate herufi aitakayo. Kuandika "see you" kulihitaji mibonyezo 16, bila kuhesabu nafasi. "Cu" ilihitaji mitano tu. Ufupisho huo haukutokana na uvivu wala ujinga wa tahajia. Ulikuwa hesabu ya muda na fedha.

Alama zina historia yake. Tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza :-) itumike kutambulisha mzaha katika majadiliano ya kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya simu ya Japani NTT DoCoMo ilitoa picha 176 zilizobuniwa na Shigetaka Kurita. Neno "emoji" ni la Kijapani: "e" ni picha na "moji" ni herufi au maandishi. Kufanana kwake na neno la Kiingereza "emotion" ni sadfa. Mwaka 2010 emoji ziliingizwa katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi ya dunia namba yake, na tangu hapo zikaweza kusafiri baina ya simu za kampuni tofauti.

Simu zilipopata kibodi kamili na programu za kubashiri maneno, sababu ya kubana mibonyezo ilikwisha. Tahajia za aina ya gr8 zimefifia. LOL na wenzake hawakufifia, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kupata kazi nyingine, kama itakavyoelezwa.

Desturi ya kale kuliko simu

Ufupishaji wa namna hii haukuzaliwa na simu. Ushahidi wa kwanza wa OMG katika Oxford English Dictionary ni barua ambayo Admeri John Fisher wa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 76, alimwandikia Winston Churchill mwezi Septemba 1917. Alitaja herufi hizo kisha akazifafanua mwenyewe. LOL nayo iliwahi kuwa na maana nyingine, "little old lady", yaani bibi kizee, na ushahidi wake ni wa mwaka 1960.

Mfano ulio wazi zaidi ni OK. Mwanaisimu Allen Walker Read alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba ilichapishwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839 ikiwa ufupisho wa "oll korrect", tahajia ya makusudi ya kukejeli "all correct". Vifupisho vingi vya mzaha vya wakati ule vilikufa. OK iliokolewa na kampeni ya urais ya Martin Van Buren ya mwaka 1840, kwa kuwa iliafikiana na jina lake la utani, Old Kinderhook. Leo hakuna anayeiona kuwa ni mzaha wa magazeti.

Malalamiko nayo ni ya kale. Mwaka 1710 Jonathan Swift aliandika katika jarida la Tatler akiwashutumu wanaokata maneno, na miongoni mwa maneno aliyoyachukia ni "mob", mkato wa Kilatini "mobile vulgus". "Mob" sasa ni neno la kawaida kabisa. "Pozz", mkato wa "positive" aliouchukia vilevile, haukumbukwi.

Kamusi inathibitisha nini

Kiingereza hakina chombo cha kitaifa cha kusanifisha maneno. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kazi za Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria nchini Tanzania mwaka 1967, hana budi kulikumbuka hilo. Kamusi za Kiingereza hazitoi idhini; zinaandika kile ambacho ushahidi unaonyesha kwamba kimetumika kwa upana na kwa muda. Aidha, Oxford English Dictionary haiondoi neno lililokwisha kuingia. Kwa hiyo kidahizo hakithibitishi hata kwamba neno bado linatumika.

Mwezi Machi 2011 kamusi hiyo iliingiza OMG, LOL na FYI. Magazeti yaliandika pia kwamba alama ya ♥ imeingia katika kamusi. Kilichoingia hasa ni fahiwa mpya ya kitenzi "heart", yenye maana ya kupenda, iliyotokana na watu kusoma kwa sauti alama iliyoenezwa na nembo ya jimbo la New York ya Milton Glaser ya miaka ya 1970. Tofauti hii ina uzito. Alama ilipita katika mdomo wa wasemaji, ikawa kitenzi, kikapokea viambishi kama kitenzi kingine chochote: "she hearts it", "he hearted the picture". Ndipo kamusi ilipokuwa na neno la kuliandika.

Ilikuwa hivyo pia kwa alama ya reli. Chris Messina alipendekeza mwaka 2007 itumike kukusanya mada katika Twitter. Kilichoingia katika kamusi ni nomino "hashtag". Mwaka 2015 Oxford Dictionaries iliichagua 😂 kuwa neno la mwaka. Hiyo ilikuwa tuzo ya kutambua matumizi, haikuwa kidahizo.

Kwa muhtasari, umbo hukubalika katika Kiingereza kwa hatua: hudumu, hutoka katika chombo lilimozaliwa na kuingia katika mazungumzo na magazeti, huanza kufuata sarufi, kama katika "lolled" na "LOLs", na mwisho huacha kuhitaji maelezo.

Maana hazitulii

Anayeandika "lol" leo kwa kawaida hachekI kwa sauti, na mara nyingi hakuna cha kuchekesha. Katika sentensi "I'm so tired lol", neno hilo linalainisha kauli na kumwonyesha msomaji kwamba halalamikiwi. Mwanaisimu John McWhorter alilieleza mwaka 2013 kuwa kiashiria cha pragmatiki: halina maana ya kileksika tena, bali hujenga maelewano kati ya wanaozungumza.

Hata nukta imebadilika. Katika uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Binghamton na kutangazwa mwaka 2015, wanafunzi walisoma majibu mafupi kama "Sure" yakiwa na nukta na bila nukta. Katika ujumbe wa simu, jibu lenye nukta lilionekana kuwa na unyofu pungufu. Katika kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, nukta haikuleta tofauti. Alama ni ile ile, ila chombo kimeipa maana nyingine.

Alama mbele ya sheria

Mwezi Machi 2021, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima kwa simu picha ya mkataba wa mbegu za kitani, akimwomba authibitishe. Mkulima alijibu kwa 👍. Bei ilipanda, na mbegu hazikuletwa. Mkulima alidai kwamba dole gumba lilimaanisha tu kuwa ameupokea mkataba. Mwaka 2023 mahakama iliamua kuwa lilikuwa sahihi halali, ikamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Mahakama ya rufani ilikubaliana na uamuzi huo mwaka 2024.

Jaji hakutegemea maana ya kikamusi. Alitazama miamala ya nyuma ya watu hao wawili, ambamo mkulima alikuwa amethibitisha mikataba kwa majibu ya neno moja au mawili, kisha akaleta mazao. Funzo kwa mfasiri wa mahakamani liko wazi: emoji ni sehemu ya matini. Haiachwi kwa kisingizio cha kuwa pambo, wala haifasiriwi kwa neno "nimekubali" au "nimepokea", kwa kuwa kuchagua mojawapo ni kuamua kesi. Inabakizwa kama ilivyo na kuelezwa kwa umbo lake. Itajwe pia kwamba picha hutofautiana baina ya simu: namba ile ile ya Unicode iliyoonyesha bastola halisi katika simu za Apple ilianza mwaka 2016 kuonyesha bastola ya maji.

Je, vinaharibu lugha?

Mwaka 2007 mtangazaji John Humphrys aliwafananisha watumaji wa ujumbe mfupi na Genghis Khan. Mwaka uliofuata mwanaisimu David Crystal alitoa kitabu cha kupinga hofu hiyo, akionyesha kwamba maneno yaliyofupishwa ni chini ya asilimia 10 ya maneno ya ujumbe wa kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry walichunguza watoto 88 wa Uingereza wenye umri wa miaka 10 hadi 12, na matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliotumia vifupisho kwa wingi walielekea kusoma maneno vizuri zaidi. Uwiano huo hauthibitishi kwamba vifupisho ndivyo chanzo, lakini unaafikiana na jambo ambalo mwalimu anaweza kuliona: anayeandika gr8 anajua sauti za neno analolikata.

Mwongozo wa tafsiri

- LOL: "nacheka kwa sauti" haifai. Penye kicheko halisi, "hahaha" au "teh teh" hutosha. Panapolainishwa kauli, tafuta neno la Kiswahili lenye kazi hiyo, kama "jamani", au liache.
- OMG: "Mungu wangu!", "Lo!" au "Mama yangu!", kulingana na msemaji. Katika mazungumzo ya vijana OMG mara nyingi haina uzito wa kidini.
- FYI: tahadhari. "Kwa taarifa yako" katika mazungumzo ya Kiswahili hubeba ukali au majigambo. Katika nyaraka tumia "kwa taarifa".
- BTW: "halafu" au "hivi". "Kwa njia" ni tafsiri ya neno kwa neno, haina maana hiyo.
- ASAP: "haraka iwezekanavyo".
- IMHO: "kwa maoni yangu", unyenyekevu uliomo mara nyingi ni wa kejeli.

Kwa mwalimu wa Kiswahili

Kiswahili kina vifupisho vilivyokuwa maneno kamili: UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, hutamkwa na kutumiwa katika sentensi bila yeyote kufikiria herufi zake. Kina pia tahajia za simu. "2taonana" na "cjui" hustahili kuchambuliwa darasani, kwa kuwa "2" husomwa kwa Kiingereza ili kutoa kiambishi "tu-", na "c" husomwa kwa jina lake la Kiingereza ili kutoa "si-". Mwandishi ametumia majina ya lugha moja kuandika mofolojia ya nyingine.

Katika insha, tahajia hizo zisahihishwe. Lakini maelezo yawe ya kweli: mwanafunzi asiambiwe kwamba ameandika lugha isiyokuwepo, bali kwamba ameandika kwa rejista isiyo ya insha. Zoezi lenye manufaa ni kumpa ujumbe mmoja wa simu na kumtaka auandike upya mara mbili, kwanza kwa mwalimu mkuu, kisha kwa gazeti. Mwanafunzi awezaye kuyafanya yote mawili ameshajifunza kile ambacho kamusi peke yake haiwezi kumwonyesha.