Kufifia kwa Kijerumani cha Texas: Je, Sheria za Vita Ndizo Chanzo?

Kufifia kwa Kijerumani katika miji midogo ya Texas kwa kawaida huhusishwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, na ni kweli kwamba mwaka 1918 sheria ya jimbo hilo iliamuru masomo ya shule za umma yafundishwe kwa Kiingereza, huku gavana wa Iowa, William Harding, akipiga marufuku lugha za kigeni hata makanisani na kwenye simu. Hoja hiyo, hata hivyo, haijitoshelezi. Gazeti la Neu-Braunfelser Zeitung, lililoanza mwaka 1852 chini ya uhariri wa mwanabotania Ferdinand Lindheimer, liliendelea kutoka kwa Kijerumani hadi mwaka 1957, na ni vigumu kuona lingesomwa na nani kama sheria ya 1918 ingekuwa imekwisha kuiua lugha.

Wasemaji wa Kijerumani cha Texas ni wazao wa walowezi, wengi wao wakiwa wameletwa na Adelsverein, chama cha makabaila wa Kijerumani kilichoasisi New Braunfels mwaka 1845 na Fredericksburg mwaka 1846. Walowezi hao walitoka sehemu mbalimbali za Ujerumani, na mwanaisimu Hans Boas, ambaye mwaka 2001 alianzisha mradi wa kuwarekodi wasemaji waliosalia, anaonyesha kwamba lahaja zao hazikupata kuyeyuka zikawa moja. Msemaji wa Texas huweza kuiita eropleni Luftschiff, yaani merikebu ya hewani, na kusema mit die Kinder, "pamoja na watoto", pale ambapo Kijerumani sanifu hudai mit den Kindern, kwa kuwa uhusika wa yambwa tendewa, yaani umbo ambalo nomino hulichukua baada ya baadhi ya vihusishi, umekaribia kutoweka. Wapo wanaoyaona mabadiliko haya kuwa uchakavu wa lugha inayokufa. Lakini uhusika huo umedhoofika pia katika lahaja za kaskazini mwa Ujerumani kwenyewe, ambako hakuna aliyezungukwa na Kiingereza.

Kilichobadilika hasa ni nyuga za matumizi, yaani mazingira ya kijamii ambamo lugha fulani hutarajiwa. Ibada zilihamia Kiingereza, barabara na ajira ziliwavuta vijana mijini, ndoa na wasio Wajerumani zikaongezeka, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wazazi wengi wakaacha kuzungumza Kijerumani na watoto wao. Waamishi wa Pennsylvania na Ohio, jumuiya ya Kikristo yenye lahaja yake ya Kijerumani, walipitia vita hivyohivyo, na watoto wao husoma kwa Kiingereza. Hata hivyo Kijerumani chao kinarithiwa mpaka leo, kwa sababu huoana wao kwa wao na jumuiya yao ya kidini huzungumza lahaja hiyo kila siku.

Huko New Braunfels urithi ulichukua njia nyingine. Tamasha la soseji, linalojulikana sasa kama Wurstfest, lilianza mwaka 1961, miaka minne tu baada ya gazeti kuacha Kijerumani, na huvuta umati mkubwa kila Novemba. Si haki kulidharau, kwani utambulisho unaweza kuishi bila lugha. Ila soseji na muziki havihitaji mtoto ajifunze sarufi nyumbani, na wasemaji waliobaki ni wazee ambao wajukuu wao huwajibu kwa Kiingereza.