Bunduki ya wazee ilikula nini?
Gumegume, fataki na kiasi katika Kongo ya mashariki

Muwindaji wa leo akitaka kununua bunduki anauliza kwanza kalibri: ni 12 ao ni 16? Hesabu hiyo ni ya zamani. Kalibri 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi, ni kusema gramu 453, inatoa vidonge 12 vya mviringo vinavyoenea mtutu wake. Kwa kalibri 16 ratili hiyo inatoa vidonge 16. Ndiyo maana namba ikiwa ndogo mtutu unakuwa mupana, na vijana wengi wanageuza jambo hilo. Ni hesabu ya mutu anayeyeyusha risasi zake mwenyewe. Wazee wetu hawakuitumia, lakini swali lao lilikuwa lile lile: bunduki hii itakula nini, na nani atailisha?

Kiswahili cha misafara kilikuwa na majina kwa kila aina. Gumegume ni ile ya jiwe linalopiga chuma na kutoa cheche. Bunduki ya fataki inawashwa na kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ndani. Halafu ikaja bunduki ya viasi, yaani ya kartushi. Tuangalie vizuri neno hilo. Kiasi ni kipimo. Kwa zile mbili za kwanza, muwindaji mwenyewe ndiye alipima: anamimina baruti, anashindilia kwa mdeki, anatia risasi, anashindilia tena. Kwa ile ya tatu, kipimo kimekwisha kufanywa Ulaya na kufungiwa ndani ya shaba ya manjano. Neno limebaki moja, lakini mwenye kupima si yeye tena.

Watu wengi wanasema wazee walidanganywa, kwamba waliuziwa vyuma vizee kwa pembe za ndovu. Sehemu moja ni kweli. Wakati majeshi ya Ulaya yalipochukua bunduki za kupakia nyuma, katika miaka ya 1860 na 1870, zile za mdomoni zilishuka bei na zikamiminika Afrika. Mafundi wa Liège nao walitengeneza nyingine nyingi juu ya biashara hii. Katika mwaka 1888 konsuli wa Uingereza kule Unguja, Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki 80.000 hadi 100.000 zilikuwa zinaingia bara kila mwaka. Lakini mimi sikubali kwamba wanunuzi walikuwa wajinga. Kwa mutu anayekaa safari ya miezi kutoka pwani, bunduki mupya bila kartushi ni fimbo tu. Gobori halichagui chakula: risasi ikikosa, linapokea kipande cha chuma, na jiwe la gumegume linaweza kutafutwa. Katika Garenganze, inchi ya shaba, hata vidonge vya shaba vilitumika.

Tena ni huko Garenganze tunapoona mwisho wa hesabu hiyo. Mufalme Msiri alipokea bunduki na baruti kutoka pande mbili: kwa Waovimbundu wa Angola upande wa mangaribi, na kwa wachuuzi wa pwani upande wa mashariki. Mhunzi wa Bunkeya aliweza kufua kidonge. Baruti ilipaswa kutoka mbali. Katika mwaka 1891 Wasanga waliasi, njia zikawa za hatari, na mufalme akawa anawaomba hata wageni wazungu baruti. Tarehe 20 Desemba mwaka huo, Kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs alimuua kwa revolva, silaha ya viasi.

Wakubwa wa Ulaya walielewa jambo hilo vizuri. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza silaha mpya na kartushi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango mudogo: gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara, viliweza kutoka katika magala ya serikali kwa ruhusa. Askari wa Bula Matari wao walibeba Albini ya milimita 11, bunduki ya kartushi. Nayo haikupiga zaidi ya risasi moja kwa mara moja. Nguvu yake ilitoka pia katika masanduku yaliyoifuata, na ufunguo wa masanduku ulikuwa kwa ofisa.

Chini ya Wabelgiji bunduki ya piston, yaani ile ya fataki, ilibaki ya mwenyeji mwenye kibali. Mafundi wetu waliifuata mufano wake, na pahali pengine ya Kongo kazi yao inaitwa pupu. Hapa kuna jambo la kuangaliwa sana. Baruti ya wazee ni nyeusi, yenye moshi, na mutu alizoea kuipima kwa jicho. Baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa na Paul Vieille mwaka 1884, ndiyo iko ndani ya kartushi za siku hizi. Kiasi kile kile cha macho, kikitolewa katika kartushi na kumiminwa ndani ya gobori, kinaweza kupasua mtutu na kuchukua vidole vya mwenyewe, ao jicho. Bomba la maji lililochongwa kuwa mtutu halivumilii nguvu hiyo, hata fundi awe na mukono mzuri namna gani.