Samaveda: nyimbo za Wahindu zenye zimepita kinywa kwa kinywa miaka elfu tatu

Kati ya maandiko matakatifu ya dini ya Wahindu, kuko moja yenye ilitengenezwa kusudi iimbwe, haikutengenezwa kusudi isomwe. Inaitwa Samaveda. Jina hilo ni maneno mawili ya Kisanskriti, luga ya zamani ya India: saman ni wimbo wa ibada, veda ni maarifa. Wataalamu wengi wanaiweka kati ya mwaka 1200 na mwaka 1000 mbele ya kuzaliwa kwa Yesu. Hata leo kuko watu wenye wanaiimba, lakini hesabu yao imepunguka sana.

Mbele ya kuendelea, tutenganishe maneno mawili yenye yanachanganya watu wengi huku kwetu Mashariki. Muhindi ni mutu wa India ao mwenye asili ya kule: mwenye magazini mu muji, ao askari wa India mwenye tuliona katika MONUSCO. Muhindu ni mutu wa dini. Kuko Wahindi Waislamu, Wahindi Wakristo na Masingasinga. Makala hii inahusu dini ya Wahindu.

Veda ni ine

Wahindu wanahesabu Veda ine: Rigveda, Yajurveda, Samaveda na Atharvaveda. Wanaziita shruti, maana yake «kile kilichosikika». Kwao, wahenga wa zamani hawakuzitunga kwa akili yao, walizisikia. Ndiyo sababu sikio na kinywa vina heshima kupita karatasi.

Rigveda ndiyo ya zamani zaidi. Ina nyimbo za sifa 1,028 katika vitabu 10. Yajurveda inafundisha maneno ya kusema wakati wa kutoa sadaka. Atharvaveda ina maombi ya mambo ya kila siku, kama vile magonjwa na ulinzi.

Samaveda haina maneno mengi yake yenyewe. Kitabu cha Kauthuma, ndicho kinajulikana zaidi, kina mistari 1,875, na karibu yote ilitolewa mu Rigveda. Kama 75 tu ndiyo haipatikane mule. Basi, mutu anaweza kuuliza: kama maneno ni yale yale, juu ya nini kuifanya Veda ya pekee? Jibu ni kwamba hapa utajiri hauko katika maneno. Uko katika sauti yenye maneno yanavalishwa.

Sauti inaweza kugeuza maana

Kisanskriti cha wakati wa Veda kilikuwa luga ya toni, sawa vile Mashi, Kinande ao Lingala. Neno moja, ukipandisha sauti fasi haifae, linageuka lingine. Kiswahili hakina jambo hilo, lakini wengi wetu tunalijua kutoka luga za nyumbani.

Wahindu wana hadithi ya zamani juu ya hatari hiyo. Mungu mumoja aliitwa Tvashtri alitaka kulipa kisasi kwa Indra, mufalme wa miungu, mwenye alimuulia mutoto. Akatoa sadaka, akasema maneno ya kuomba mwenye kumuua Indra. Lakini alikosea toni. Maana ikageuka: «mwenye atauawa na Indra». Vritra akazaliwa, na Indra akamuua. Kwa walimu wa Veda hadithi hii ni onyo. Neno sawa lenye sauti mbaya halipotezi nguvu tu, linaweza kukurudilia.

Kwa hiyo wakati wa kusoma Rigveda, sauti zinapangwa kwa ngazi tatu: ya chini, ya katikati na ya juu. Samaveda inaenda mbali zaidi. Ina sauti saba, kila moja na jina lake, na zinahesabiwa kwa kuteremka, kutoka juu kwenda chini. Katika vitabu vya Kauthuma, namba ndogo zinaandikwa juu ya silabi kuonyesha sauti gani inafaa. Tawi la Jaiminiya linatumia herufi pahali pa namba.

Namna mustari unageuka wimbo

Mwenye kujua mustari mu Rigveda, akiusikia mu Samaveda, anaweza kukosa kuutambua. Silabi zinavutwa, vokali zinageuzwa, maneno yanakatwa na kurudiliwa. Neno la kwanza kabisa la Samaveda ni kumwita Agni, mungu wa moto. Mu Rigveda linasemwa «agna». Mu wimbo linakuwa «ognai».

Tena waimbaji wanaingiza silabi zenye hazina maana yoyote ya kamusi, kama «hau», «hoi» na «hum». Zinaitwa stobha. Mwenye anaimba mu korali anaweza kuelewa kidogo: tunavuta «Amina» kwa noti nyingi, na hakuna mutu anauliza kila noti ina maana gani. Lakini mu Samaveda stobha haiingizwe kwa kupenda kwa muimbaji. Kila moja ina fasi yake, na mwanafunzi anaishika kama vile anashika neno.

Wimbo mumoja unagawanywa katika sehemu tano, na waimbaji ni watatu. Prastotri anaanza na sehemu ya kwanza. Udgatri, ndiye mukubwa wao, anaimba ya pili, yenye inaitwa udgitha na inaanza na silabi «Om». Pratihartri anajibu na ya tatu. Udgatri anarudilia kwa ya ine. Ya tano wanaimba wote pamoja. Hivi hakuna mumoja anabeba wimbo peke yake.

Katika ibada kubwa, hao wanatumika pamoja na makuhani wengine. Hotri anasoma Rigveda, adhvaryu anafanya kazi ya mikono huku anasema maneno ya Yajurveda, na brahman anakaa kimya akichunga makosa. Ibada kubwa zaidi zilikuwa za soma, muti wenye ulikamuliwa na maji yake kutolewa kwa miungu.

Nyimbo za kijiji na nyimbo za pori

Mbali na maneno, Samaveda ina vitabu vya nyimbo vyenye vinaitwa gana. Viwili vya musingi vinagawanywa kwa fasi ya kujifunzia: nyimbo za kuimbwa mu kijiji, na nyimbo za kuimbwa mu pori. Zile za pori zilihesabiwa kuwa na nguvu nyingi na hatari; hazikufaa kufundishwa karibu na nyumba za watu. Vingine viwili vinaonyesha namna ya kupanga nyimbo hizo kwa ajili ya ibada. Wimbo mumoja wenye kujulikana unaweza kuvalishwa mistari mingine.

Jambo la kushangaza: Samaveda iliheshimiwa na kuogopwa kwa wakati mumoja. Mu Bhagavad Gita, Krishna anajilinganisha nayo kuwa bora kati ya Veda. Lakini kitabu cha sheria cha Manu kinakataza kusoma Rigveda na Yajurveda wakati sauti ya Samaveda inasikika, juu inahusiana na roho za wazazi waliokufa. Kitabu cha zamani cha michezo na muziki, Natyashastra, kinasema sanaa ya kuimba ilitolewa mu Samaveda, na hata leo wanamuziki wengi wa India wanaitaja kama chimbuko lao.

Kushika bila karatasi

Kwa karne nyingi Veda hazikuandikwa. Mwalimu anasema, mwanafunzi anarudilia, mara na mara tena, kwa miaka. Muimbaji wa Samaveda anasaidiwa na mukono wake: anagusisha kidole gumba kwenye viungo vya vidole vingine, kila fasi ikionyesha sauti moja. Wahindu waliita mwili wenye kutumiwa hivi «zeze la mwili».

Kwa maneno ya Veda walibuni tena mazoezi ya kuchunga makosa. Mwanafunzi anasema maneno moja moja, kisha mawili mawili, kisha anayarudisha nyuma na kuyapeleka mbele. Kama neno moja limepotea, mupango wote unavunjika na kosa linaonekana palepale.

Lakini njia hii ina uzaifu mumoja mukubwa: inaomba mutu muzima kwa kila kizazi. Mwalimu akikufa bila mwanafunzi, tawi linazimika. Mapokeo yanasema Samaveda ilikuwa na matawi 1,000. Leo yamebakia tatu: Kauthuma, Ranayaniya na Jaiminiya.

Panjal, mwaka 1975

Mwezi wa 4 mwaka 1975, mu kijiji cha Panjal, jimbo la Kerala, kusini mwa India, makuhani wa Nambudiri walifanya ibada ya siku 12 yenye inaitwa Agnicayana. Walijenga mazabahu ya matofali zaidi ya 1,000 kwa umbo la ndege. Mutaalamu Frits Staal na mutengeneza filme Robert Gardner waliifuata na kuirekodi, juu watu waliogopa kama haitafanyika tena. Kulikuwa ubishi juu ya kuchinja mbuzi. Mwishoni wakatumia unga wa muchele uliofungwa mu majani ya ndizi. Ibada ilipoisha, jengo likachomwa moto.

Kanda zinabakia. Mwaka 2011 ibada kubwa ya namna hiyo ilifanywa tena Panjal, na watu wengi walikuja kuiona.

Nani ana haki ya kuimba?

Hapa ndipo ubishi ungali moto. Kwa desturi, kujifunza Veda kuliachiwa wanaume wa tabaka za juu, na kazi ya kuimba ni ya Wabrahmani. Wanamuke na watu wa tabaka la chini walikatazwa, hata kusikia. Mwaka 1875 Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj na kufundisha kwamba Veda ni za watu wote. Tangu wakati huo kuko wanamuke wenye wanajifunza, na wanamuke makuhani wanaongoza ibada, zaidi mu muji wa Pune. Wazee wengine hawakubali.

Umasikini nao unabana. Mutoto mwenye anatumia miaka yake kwa kushika nyimbo hapati diploma yenye inatafutwa kwenye kazi. Mwaka 2003 UNESCO ilitangaza mapokeo ya kuimba Veda kuwa kazi bora ya urizi wa wanadamu. Mwaka 2008 yakaingizwa katika orodha ile ile yenye ilipokea rumba yetu ya Kongo mwaka 2021. UNESCO ilisema matawi 13 tu ya Veda zote ndiyo yamebakia.

Orodha haifundishi mutoto. Na kanda, hata ikiwa nzuri, haisahihishe mwanafunzi mwenye amekosea. Kila wimbo wa Samaveda unasubiri mutu wa kuushika na mutu wa kumurekebisha. Wazee wa huku kwetu wenye kulinda nyimbo za mavuno, za kilio na za ndoa wanajua shida hiyo bila kuelezwa.

Kwa kifupi

Samaveda: Veda ya nyimbo, mistari 1,875 katika tawi la Kauthuma.
Udgatri: muimbaji mukubwa wa ibada.
Stobha: silabi bila maana ya kamusi, zenye fasi maalum mu wimbo.
Gana: vitabu vya nyimbo, vya kijiji na vya pori.
Matawi yenye kubakia: Kauthuma, Ranayaniya, Jaiminiya.