Kim Dae-jung na gharama ya msamaha

Idara ya ujasusi ya Korea Kusini iliasisiwa na Kim Jong-pil mwaka 1961, mara tu baada ya jeshi kutwaa madaraka. Miaka kumi na miwili baadaye, mchana kweupe, maofisa wa idara hiyo walimteka nyara kiongozi wa upinzani, Kim Dae-jung, katika hoteli moja jijini Tokyo. Kim Jong-pil alikuwa waziri mkuu wakati huo, na ndiye aliyekwenda Japani kuomba radhi kwa niaba ya serikali. Februari 1998 Kim Dae-jung aliapishwa kuwa rais, na aliyemteua kuwa waziri mkuu wake ni Kim Jong-pil huyohuyo. Anayetaka kumwelewa mwanasiasa huyu na aanzie hapo.

Alizaliwa Januari 1924 katika kisiwa cha Haui, pembezoni mwa mkoa wa Jeolla Kusini, Korea ikiwa koloni la Japani. Alisoma shule ya biashara katika mji wa bandari wa Mokpo, akafanya kazi katika kampuni ya meli, kisha akajitegemea katika biashara hiyo na kumiliki gazeti. Ukoloni ulipokwisha mwaka 1945 alijiunga kwa muda mfupi na vyama vya mrengo wa kushoto, akajitoa. Muda huo mfupi ulimwandama maisha yake yote, maana kila uchaguzi mahasimu wake walimwita mkomunisti. Hawakujali kwamba wakomunisti wenyewe walipouteka Mokpo mwaka 1950 walimtia gerezani, na akaponea chupuchupu kuuawa.

Kuwa mtu wa Jeolla nako kulikuwa mzigo. Jenerali Park Chung-hee, aliyeongoza mapinduzi ya 1961, alitoka Gyeongsang, upande wa kusini-mashariki, na huko ndiko viwanda na vyeo vilikoelekezwa. Jeolla, mkoa wa mashamba ya mpunga, ulibaki nyuma.

Kim aligombea ubunge na kushindwa mara kadhaa kabla ya kushinda uchaguzi mdogo wa Inje Mei 1961. Siku chache baadaye jeshi likapindua serikali na Bunge likavunjwa kabla hajakalia kiti chake. Akarudi Bungeni mwaka 1963 akiwa mbunge wa Mokpo, na mwaka uliofuata alisimama akazungumza kwa zaidi ya saa tano mfululizo ili kuzuia mbunge mwenzake asikamatwe. Mwaka 1971 aligombea urais akapata asilimia 45 ya kura, Park akapata 53. Katika kampeni alikuwa amewaonya wananchi kwamba Park akishinda, hawatapata tena nafasi ya kumchagua rais. Oktoba 1972 Park alitangaza sheria ya kijeshi na kuleta katiba iliyomruhusu kutawala bila kikomo. Kim alikuwa Japani siku hiyo, akaamua kubaki nje na kuipinga serikali akiwa huko.

Ndipo likatokea tukio la Agosti 8, 1973. Walimvizia hotelini, wakamlewesha kwa dawa, wakamsafirisha kwa gari hadi pwani na kumpakia melini. Huko alifungwa mikono na miguu, akazibwa macho, akafungiwa vitu vizito mwilini. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa katika sala, akisubiri kutoswa, aliposikia mngurumo kama wa ndege na watekaji wakaanza kukimbia huku na huko. Balozi wa Marekani mjini Seoul, Philip Habib, alikuwa ameshaibana serikali. Siku tano baada ya kutekwa, Kim aliachwa karibu na nyumba yake katika mtaa wa Donggyo-dong. Idara ya ujasusi ilikubali rasmi kuhusika kwake mwaka 2007.

Mwaka 1976 alitia saini tamko la kudai demokrasia lililosomwa katika Kanisa Kuu la Myeongdong, akafungwa. Baadaye alihamishiwa hospitalini akiwa chini ya ulinzi, akanyimwa kalamu. Alichukua msumari, akaandika kwa kuukandamiza juu ya vipande vya karatasi, na ujumbe huo ukamfikia mkewe, Lee Hee-ho. Karatasi hizo bado zimehifadhiwa.

Park aliuawa Oktoba 1979 na mkuu wake mwenyewe wa ujasusi, lakini jeshi halikurudi kambini. Tarehe 17 Mei 1980, Jenerali Chun Doo-hwan alimkamata Kim. Kesho yake wanafunzi wa Gwangju, mji mkubwa wa Jeolla, walianza kuandamana, na askari wakawapiga na kisha kuwafyatulia risasi wananchi. Kim akashtakiwa kuwa mchochezi wa maasi yaliyoanza yeye akiwa tayari mahabusu. Alihukumiwa kunyongwa. Katika maneno yake ya mwisho mahakamani aliwaomba wenzake wasije wakalipiza kisasi. Papa Yohane Paulo II na serikali ya Marekani walimwombea, na Januari 1981 adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Mwisho wa 1982 aliruhusiwa kwenda Marekani. Akarejea Februari 1985, akisindikizwa na Wamarekani waliohofia yasije yakamkuta yaliyomkuta Benigno Aquino, kiongozi wa upinzani wa Ufilipino aliyepigwa risasi uwanja wa ndege wa Manila.

Baada ya sifa hizo, kosa lake kubwa nalo lisemwe. Maandamano ya Juni 1987 yaliwalazimisha wanajeshi wakubali rais achaguliwe na wananchi. Upinzani ulikuwa na wagombea wawili, Kim Dae-jung na Kim Young-sam, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Mmoja alipata asilimia 28, mwingine 27. Roh Tae-woo, jenerali mwenzake Chun, akapita na 36 na kidogo. Walioingia mitaani walistahili viongozi wenye busara zaidi, na Kim alikuwa na sehemu yake kamili katika lawama hiyo.

Alishindwa tena 1992. Mwaka 1997, nchi ikiwa karibu kufilisika na imeomba mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, aliungana na Kim Jong-pil na kushinda kwa asilimia 40.3 dhidi ya 38.7. Wananchi walipanga foleni kuchangia pete na mikufu yao ya dhahabu ili kulipa deni, na mkopo wa shirika hilo ulimalizwa Agosti 2001, kabla ya muda wake. Wafanyakazi wengi walipoteza ajira katika mageuzi hayo, ingawa serikali yake ilitunga pia sheria ya kuwahakikishia maskini kipato cha chini cha kujikimu. Juni 2000 alikwenda Pyongyang kukutana na kiongozi wa Korea Kaskazini, Kim Jong-il, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba mamia ya mamilioni ya dola yalipelekwa Kaskazini kwa siri kupitia Hyundai kabla ya mkutano huo. Wanawe wawili pia walifungwa kwa rushwa, yeye akiwa bado Ikulu.

Desemba 1997 Chun na Roh, waliokuwa gerezani kwa mapinduzi na mauaji ya Gwangju, waliachiliwa kwa msamaha ambao rais aliyekuwa akiondoka alikubaliana na Kim, rais mteule. Tangu mwisho wa mwezi huo, katika utawala wa Kim na baada yake, Korea Kusini haijanyonga mtu yeyote. Agosti 2009, Kim akiwa mahututi, Chun alifika hospitali kumjulia hali. Kim alifariki tarehe 18 mwezi huo, akiwa na miaka 85. Chun aliishi hadi Novemba 2021, akafia nyumbani kwake bila kuwaomba radhi watu wa Gwangju. Kim alikuwa na haki ya kumsamehe mtu aliyetaka kumnyonga, na kwa hilo nchi yake inamdai shukrani. Lakini wazazi waliozika watoto wao Gwangju walistahili kusikia neno la toba kwanza, na msamaha ule haukulidai.