Sababu Haimo Ndani ya Msimbo: Akili Mnemba, Ujumbe wa Komiti na Mkonge wa Muheza

Zana za akili mnemba zinazoandika ujumbe wa komiti, yaani maelezo yanayoambatana na kila badiliko linalohifadhiwa katika historia ya msimbo, zimekwisha kuingia katika kazi za kila siku za waandishi wa programu. Mtu anabadili mistari kadhaa ya msimbo, anabofya kitufe, na zana inalinganisha toleo la zamani na jipya kisha inatunga maelezo. Makala haya yanadai kwamba zana hizo hutuandikia kile ambacho hakikuwa hatarini kupotea, na kwa ufasaha wake hutusahaulisha kile kitakachopotea kweli.

Hoja inaanzia kwenye muundo wenyewe. Git, mfumo wa udhibiti wa matoleo uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, huhifadhi kila komiti pamoja na hali ya mafaili, jina la mhusika, tarehe, namba ya komiti iliyotangulia na ujumbe. Karibu vyote hivyo hujazwa na mashine. Ujumbe peke yake ndio uliotengwa kwa ajili ya mtu. Tena ujumbe huo si pambo. Unaingia katika hesabu inayozalisha namba ya utambulisho wa komiti, ile ambayo kwa kawaida ina herufi na tarakimu 40, kiasi kwamba ukigeuza herufi moja ya ujumbe namba nzima inageuka.

Tofauti kati ya matoleo mawili, kwa upande mwingine, inaweza kukokotolewa upya leo, kesho au baada ya miaka 20. Basi maelezo yanayotokana na tofauti hiyo pekee yanaweza nayo kutungwa upya wakati wowote, na pengine kwa zana bora kuliko ya leo. Kuyahifadhi ni kuhifadhi nakala ya kitu ambacho tayari tunacho. Kinachostahili kuhifadhiwa ni kile kinachoondoka na mtu anapofunga kompyuta yake: alikuwa anatatua tatizo gani, nani alilileta, njia zipi alizikataa, na nini alikiacha kwa makusudi.

Wilaya ya Muheza ina mfano mzuri wa jambo hili, nao ni wa zamani kuliko kompyuta yoyote iliyowahi kufika huko. Mkonge uliletwa pwani ya Tanga mwaka 1893 kwa juhudi za Richard Hindorf; kati ya miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyonusurika na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Baadaye, huko Muheza, watafiti wa Amani, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika Usambara Mashariki, na wenzao wa Mlingano, karibu na Ngomeni, walishughulikia uzalishaji wa chotara. Chotara iliyopata sifa kuliko zote haina hata jina. Inaitwa 11648. Leo imepandwa mbali sana na Muheza, hadi kusini mwa China, na huko nako inajulikana kwa namba hiyohiyo.

Namba hiyo ingekuwa bubu kama si kumbukumbu zilizoandamana nayo. Tunajua kwamba Agave amaniensis, jamaa ya mkonge yenye majani marefu yasiyo na miiba pembeni, ilichanganywa na Agave angustifolia, inayotoa majani mengi lakini mafupi na yenye miiba, na kwamba mtoto wao akachanganywa tena na Agave amaniensis. Mwandishi wa programu atatambua mara moja umbo la habari hii: matawi mawili yameunganishwa, kisha tawi moja limeunganishwa kwa mara ya pili. Mtaalamu akisimama mbele ya mmea wenyewe atapima urefu wa jani na kukadiria wingi wa nyuzi. Jani halimwambii kwamba marudio yale kwa amaniensis yalikuwa uamuzi wa mtu mwenye lengo, aliyetaka wingi wa majani ubaki na miiba iondoke.

Kazi hiyo ilihitaji kuandikwa kwa sababu ya tabia ya mmea wenyewe. Mkonge huishi miaka mingi, huchomoza mlingoti wa maua mara moja tu, kisha hufa. Aliyepaka chavua hakuwa na hakika kwamba yeye ndiye atakayepima majani ya kizazi cha pili. Taasisi nazo hazikutulia: Wajerumani waliondolewa na vita vya kwanza vya dunia, Waingereza wakaufufua utafiti wa Amani mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha mwaka 1948 wakauhamishia Muguga, Kenya. Na baadaye, ilipobainika kwamba 11648 hushambuliwa na vimelea vya Phytophthora kwa urahisi zaidi kuliko mkonge wa kawaida, kumbukumbu za ukoo wake zilikuwa msaada wa lazima kwa yeyote aliyetaka kuendelea na uzalishaji.

Sasa tuchukue mstari mmoja wa msimbo. Tuseme mchambuzi wa takwimu za malaria amebadili sharti la `umri <= 5` likawa `umri < 5`. Zana itaandika, bila kosa lolote, kwamba kigezo cha umri kimerekebishwa ili watoto wa miaka 5 wasihesabiwe. Lakini badiliko hilohilo linaweza kuwa na sababu tatu. Pengine watoto wa miaka 5 kamili walikuwa wakihesabiwa katika makundi mawili. Hapo ripoti zilizopita zina kosa na lazima zirudiwe. Pengine mradi umebadili ufafanuzi wa kundi. Hapo ripoti za zamani ni sahihi, ila haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na mpya. Au pengine zahanati moja ilikuwa ikikadiria umri kwa kuupunguza. Hapo mstari huo haukupaswa kugusa takwimu za vituo vingine. Msimbo ni uleule, lakini wajibu wa anayeupokea unatofautiana kabisa. Kibaya zaidi, zana ikibanwa itoe sababu itatoa mojawapo, kwa sauti ya kujiamini, na miaka mitatu baadaye msomaji ataichukulia kuwa ushahidi wa mtu aliyekuwepo.

Utafiti wa fani hii ulikutana na tatizo hili mapema. Mwaka 2017 Siyuan Jiang, Ameer Armaly na Collin McMillan walitumia mitandao ya neva kutafsiri tofauti za msimbo kuwa ujumbe. Mwaka uliofuata Zhongxin Liu na wenzake walirudi kwenye data hizohizo wakakuta kwamba sehemu ya jumbe ziliandikwa na programu au hazikuwa na maana. Walipoziondoa, ufanisi ulishuka sana, na mbinu nyepesi ya kutafuta badiliko linalofanana na kunakili ujumbe wake ikaushinda mtandao. Modeli za leo zina uwezo mkubwa kuliko zile. Hata hivyo zikipewa tofauti peke yake, bado zimepewa jani la mkonge bila kumbukumbu za ukoo wake.

Nitajibiwa kwamba zana mpya husoma pia majadiliano ya mradi na orodha za kazi, na kwamba pale zana yenyewe inapoandika msimbo inayajua maagizo iliyopewa. Ni kweli, na hapo zinafaa. Lakini katika hali zote mbili sababu iliandikwa kwanza na mtu. Zana imeibeba tu. Katika timu zetu ndogo maagizo mengi huja kwa simu, kwa WhatsApp au kwa maneno ya mlangoni, na hayo hayamo katika hifadhi yoyote ambayo modeli inaweza kuisoma.

Kuna hoja nyingine ninayoipa uzito mkubwa zaidi. Vijana wengi wanaoandika programu Tanzania hufikiri kazi yao kwa Kiswahili, kisha huandika ujumbe kwa neno moja au mawili ya Kiingereza kwa kuwa ndivyo walivyozoea kuona. Zana huwapa Kiingereza kisicho na kasoro, na kwa mtu aliyewahi kuchekwa kwa sarufi yake hilo ni ahueni ya kweli. Sitaki wanyimwe. Ninachokipinga ni mpangilio wa kazi: zana ianze na mtu amalizie kwa kukubali. Mtu na aanze, kwa Kiswahili kama ndicho kinachomtoka, aandike sentensi mbili kuhusu tatizo na uamuzi wake, kisha zana ipange, ifupishe au itafsiri ikihitajika. Git hupokea Kiswahili bila taabu yoyote.

Vyuo vinavyofundisha Git vinaweza kulianza hili bila gharama. Kiolezo cha ujumbe, ambacho Git yenyewe inaruhusu kukiweka, kiwe na mstari wa Sababu ulioachwa wazi. Mwanafunzi atumie akili mnemba apendavyo kwa yaliyobaki. Mhakiki asome mstari huo kabla ya kufungua msimbo, na kama hauelezi tatizo lililomfanya mtu aguse mstari ule, badiliko lirudishwe kwa mwenyewe.