Bukoba, Virusi na Uthabiti wa Michoro ya Mtandao

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na uchunguzi wa mwaka 1987 uliopima wakazi wa mkoa huo ulionyesha kwamba karibu asilimia 24 ya watu wazima wa mjini Bukoba walikuwa na virusi, ilhali katika wilaya za Ngara na Biharamulo kiwango hakikufika hata asilimia moja. Kitendaguro, kata ya mji huohuo, imo katika eneo lililobeba mzigo mzito kuliko yote, na pamoja na misiba zilikuja lawama: ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo zilizovushwa kutoka Uganda, na chanzo chake kikatafutwa kwa wafanyabiashara wa magendo, kwa wavuvi na kwa askari wa vita vya 1978 na 1979.

Masimulizi hayo yalikosa kipimo hadi wataalamu walipoweza kusoma mfuatano wa jeni, yaani mpangilio wa herufi nne za kemikali zinazounda jeni za virusi, na kukisia kutokana na mfanano wake nani yuko karibu na nani katika mtandao wa maambukizi. Hata hivyo mtandao wa namna hiyo ni makadirio, na makadirio hayalingani kwa uthabiti. Modeli inayounganisha watu wawili kila tofauti ya virusi vyao isipozidi kiwango fulani, kwa kawaida herufi 1.5 katika kila 100, huweza kuvunja kundi zima au kuliunganisha na jingine kiwango hicho kikisogezwa kidogo tu. Mti wa ukoo wa virusi huhimili zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 1985, mwanabiolojia Joseph Felsenstein alipopendekeza data ichotwe upya kwa bahati nasibu na mti uchorwe tena mara nyingi, kila tawi huweza kupewa alama ya mara ngapi limejitokeza.

Wilayani Rakai, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, virusi vya watu zaidi ya 2,600 vilichambuliwa vipande kwa vipande, na uhusiano ulikubaliwa pale tu ulipojirudia katika vipande vingi vya virusi hivyohivyo. Kwa jozi mojamoja ya watu matokeo hayo hayawezi kuwa ushahidi wa nani alimwambukiza nani, kwa sababu mtu wa tatu ambaye hakupimwa huenda alisimama kati yao, na kuyatumia kumshtaki mtu ni dhuluma. Kwa jamii nzima, hata hivyo, mwelekeo ulidumu, nao ulikuwa kinyume cha lawama za zamani: virusi vilielekea zaidi kutoka vijiji vya bara kwenda kambi za uvuvi kuliko kutoka kambi hizo kwenda bara.